Tairi Lililosubiri Kuombwa

Mzee mmoja wa milimani alifariki akaacha mjane, wana wawili na gari moja. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kupelekea iliki na ndizi mnadani, kuukuu lakini zima. Nyuma yake, chini ya turubai, lilifungwa tairi la akiba ambalo marehemu alilinunua jipya muda mfupi kabla ya kuugua. Hakuwahi kulitumia hata siku moja.

Ukoo wao ulikuwa na desturi yake ya kugawa mirathi. Kitu kisichogawanyika hakikuuzwa, wala hakikupewa mtu mmoja kikiwa kamili. Marehemu akiacha kinu, kinu kilikwenda kwa mmoja na mchi kwa mwingine. Akiacha mzinga wa nyuki, mzinga ulikwenda huku na kamba ya kuupandishia mtini ikaenda kule. Wazee walisema kwamba ndugu wenye vitu kamili hukutana misibani tu. Basi matanga yalipokwisha, walikaa uani, wakampa mkubwa, Togolani, lile gari, na mdogo, Elisante, wakampa tairi la akiba. Mama yao, Naelijwa, alibaki katika nyumba ya mkubwa.

"Elisante," jirani mmoja aliita kutoka upande wa wanaume, "hilo lako unaliwasha kwa ufunguo gani?"

Ua mzima ulicheka. Elisante naye alicheka, kwa sababu mwanamume hawezi kulia mbele ya watu mara mbili katika juma moja. Lakini alipokuwa akilisukuma lile tairi barabarani kurudi kwake, huku watu wakimpisha, alikuwa ameshaamua neno moja moyoni. Hatapanda gari la kaka yake, wala hatampelekea tairi. Barabara za milimani zina mawe. Siku itafika, na siku hiyo mwenye gari atapanda mlima kwa miguu yake, asimame mlangoni, na aombe.

Togolani naye alikuwa na lake. Hakununua tairi jingine la akiba, maana ukoo ungesema amemtupa ndugu yake. Wala hakwenda kuliomba lile la baba yao, maana kwa maoni yake ilikuwa kazi ya mdogo kulileta bila kuambiwa. Aliendesha miaka yote bila akiba, polepole, akikwepa safari za mbali. Pancha zikimpata aliziziba mwenyewe kando ya njia, akajaza upepo kwa pampu ya mguu hadi shati likalowa. Mmoja hakuomba na mwingine hakutoa, na kila mmoja alijiona ndiye aliyekosewa adabu. Walisalimiana vizuri tu. Walikutana mlangoni mwa kanisa, wakaulizana hali za watoto, wakaagana. Hata mchungaji alidhani wanapatana.

Ni lazima isemwe kwamba Elisante alilitunza lile tairi. Alilipangia mahali pake ghalani, juu ya mbao mbili, lisiguse udongo. Kila Jumamosi alilifuta vumbi, akachovya kitambaa katika mafuta na kulisugua hadi likang'aa kama chungu kipya. Wageni aliwaonyesha. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayokanyaga njia, zote zilikuwa nzima, zimesimama, kama siku lilipotoka dukani. "Hili," alikuwa akisema, "halijakanyaga hata kokoto." Alilisema hilo kama sifa.

Mkewe, Namkunda, alikuwa amechoshwa nalo siku nyingi.

"Baba Upendo, hilo tairi linakula mafuta kuliko wanao."

"Lina kazi yake."

"Kazi gani? Limelala hapo tangu Upendo anatambaa, na Upendo leo ana mume."

Elisante alichovya kitambaa tena. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, jirani mwenye gari kama lile alikuja kuazima. Alikuwa amekwama na mgonjwa barabarani, na tairi la kipimo kile lilikuwa hilo tu kijiji kizima. Elisante alisimama mlangoni mwa ghala akamwambia kwa upole, "Hili lina mwenyewe." Yule jirani alitafuta msaada kwingine, akaupata, na tangu siku hiyo hakupita tena uani pale. Elisante alisikitika, lakini hakujuta. Aliona kwamba amelinda amana.

Na kiangazi kimoja, alipokuwa akisugua ubavu wa lile tairi, aliona mistari midogo kwenye mpira, kama ile inayopasua visigino vya wanaotembea peku. Alipitisha ukucha. Ukucha ulizama kidogo. Alikaa akiitazama ile mistari kwa muda, kisha akaongeza mafuta. Mafuta yalijaa ndani yake, tairi likang'aa tena, na mistari haikuonekana. Kuanzia hapo alilisugua bila kulitazama sana.

Sasa, mama yao alikuwa akipoteza macho. Ulikuwa mtoto wa jicho, weupe uliokuja taratibu kama ukungu unaopanda kutoka bondeni. Mwanzo alishindwa kutia uzi kwenye sindano, baadaye akashindwa kujua nani ameingia mlangoni mpaka aseme. Ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wamefika katika hospitali ya misheni, chini kule mlima unapokutana na tambarare. Wangekaa juma moja, wapasue macho bila malipo, kisha waondoke. Hakuna aliyejua kama watarudi. Elisante alilisikia tangazo. Alimtazama mama yake kwenye benchi la mbele, akiimba bila kitabu. Akasema moyoni kwamba mwenye gari atampeleka.

Togolani alikusudia kumpeleka mapema, lakini njia ilikuwa imeharibika, na mtu asiye na tairi la akiba huiogopa njia mbovu. Alingoja greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, ipite. Haikupita. Ikafika siku ya mwisho ya madaktari, na hapo hakukuwa na kungoja tena. Alimfunga mama yake shuka mabegani, akamketisha mbele, akawasha gari asubuhi.

Liliharibikia chini ya nyumba ya Elisante hasa, kwenye kona yenye mawe. Elisante alikuwa akipogoa migomba. Alisikia ule mlio anaoujua kila mtu wa milimani, chuma cha gurudumu kikigonga mawe, kisha kimya. Alitazama kati ya majani. Aliliona gari la baba yake limeinamia upande mmoja, na kaka yake akishuka. Alifurahi. Isisemwe kwamba alikuwa na huzuni au wasiwasi, maana alifurahi. Aliweka panga chini, akaingia ndani, akanawa miguu, akavaa koti la kanisani.

"Unakwenda wapi?" Namkunda aliuliza.

"Siendi popote. Nina mgeni."

Akatoa kiti, akakiweka mbele ya mlango mahali panapoonekana vizuri kutoka barabarani, akakaa. Kutoka pale aliona yote. Alimwona kaka yake akilala chali chini ya gari. Akamwona akitoa viraka vyake, akivipima kwenye mpasuko, akivirudisha. Jiwe lilikuwa limelichana tairi upana wa kiganja, na hakuna kiraka cha kuziba mpasuko wa namna hiyo. Togolani akaketi ukingoni mwa njia. Aliinua uso mara moja akaitazama nyumba ya mdogo wake, akaona kiti, akaona koti, akainamisha uso. Hakupanda.

"Atapanda," Elisante alisema. "Hana pengine pa kwenda."

Ndipo mlango wa pili wa gari ulipofunguka. Mguu ulitoka kwanza, ukining'inia, ukitafuta ardhi na kuikosa, kama mguu wa mtu anayeingia mtoni asikojua kina. Halafu kitambaa cheupe cha kichwani, halafu mama yao mzima, akilishika gari kwa mikono miwili na kulifuata ubavuni kwa kupapasa. Elisante hakuwa amemkumbuka. Alijua siku ilikuwa ipi, na alijua wanakwenda wapi, lakini ule mguu hakuwa ameufikiria.

Namkunda alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Mama haombi tairi, Baba Upendo," alisema. "Anaomba kuona."

Elisante aliinuka. Alikwenda ghalani, akalitoa tairi juu ya mbao zake, akalisukuma kuteremka katikati ya migomba akiwa na koti lake lile lile, tairi likimvuta na yeye akilizuia, mpaka wakatokea barabarani wote wawili kwa kishindo.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba."

Togolani alisimama akalitazama tairi. Alipitisha kiganja juu yake, kiganja kikarudi na mafuta.

"Linang'aa kuliko gari lenyewe," alisema.

"Nililitunza."

"Naona."

Hayo tu. Walimketisha mama yao kwenye ukingo wa majani, mbali na gari, wakaanza kazi. Miaka yote ile hawakuwa wamefanya kazi pamoja, lakini mikono yao ilikuwa imefundishwa na baba mmoja. Mkubwa alinyoosha mkono bila kutazama, na mdogo akaweka spana ndani yake. Walilifunga tairi, wakakaza nati. Lilikuwa limelegea kwa kukaa, hivyo Elisante alikanyaga pampu, koti likiwa mwilini, mpaka tairi likawa gumu. Lilipendeza. Kati ya magurudumu manne ya gari lile, matatu vipara, hilo moja lilionekana kama la bwana harusi. Elisante alirudi nyuma hatua moja kulitazama, na bado, hata wakati huo, alikuwa akingoja neno kutoka kwa kaka yake.

Togolani alishusha jeki taratibu. Uzito wa gari ulikaa juu ya tairi. Kwa kitambo lilivumilia. Kisha ile mistari midogo ikatokeza kutoka chini ya mafuta, ikafunguka, ikawa mifereji, na Elisante aliyekuwa akiijua siku zote akapiga kelele, "Kaka, toka hapo!" Togolani alijitupa nyuma. Tairi likapasuka.

Mlio ulizunguka bonde lote. Kuku walirukia migomba, na mtu wa mlima wa pili akapaza sauti kuuliza kama ni bunduki. Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limekalia chuma, na ubavu wa tairi ulining'inia kama kitambaa kikuukuu. Halikuwa limetembea hata hatua moja.

"Nani ameumia?" mama yao aliuliza, mikono imenyooshwa hewani.

"Hakuna, Mama."

"Wote wawili wazima?"

"Wazima."

"Mungu ashukuriwe. Kilichopasuka ni lile tairi la baba yenu?"

Elisante ndiye aliyejibu. "Ndilo, Mama. Limekwisha."

Mama yao alikaa akigeuza uso huku na huku, kama anayesikiliza kama kuna mabaki. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Lilikuwa limenikalia kifuani."

Elisante alingoja kaka yake amcheke. Alikuwa na haki ya kucheka. Togolani alijifuta vumbi, akamtazama mdogo wake aliyesimama na koti la kanisani lililojaa mafuta na masizi, midomo ikatetemeka. Lakini hakucheka. "Ilinipasa kuja kulichukua likiwa zima," alisema. "Nilijua liko wapi." Elisante alitaka kusema kwamba naye alijua njia ya kulipeleka. Badala yake aliitikia kwa kichwa tu, na kaka yake akaelewa.

"Mtasemezana njiani," mama yao alisema. "Mnanibeba, au nijitembelee?"

Walikata miti miwili ya mkaratusi mpakani mwa shamba. Namkunda alishuka na blanketi zito na kamba, wakafunga machela kama zile walizobebewa wagonjwa zamani kabla ya barabara. Machela haina namna ya kubebwa na mtu mmoja. Togolani alishika mbele, Elisante nyuma, wakaiacha barabara na gari lake, wakashika njia ya mkato inayoteremka kupitia msituni.

Ilikuwa njia mbaya na walikuwa watu wazima. Walitokwa jasho, walikosana hatua.

"Punguza, Kaka! Huku nyuma si barabara."

"Wewe ndiye unanisukuma."

"Msinitikise kama debe la mahindi," mama yao alisema kutoka kwenye blanketi. "Baba yenu alinibeba njia hii hii nikiwa na mmoja wenu tumboni, na hakupiga kelele."

"Alinibeba mimi au huyu?" Elisante aliuliza.

"Aliyekuwa mzito," akasema, na kila mmoja wao akajua kwamba ni mwenzake.

Walipofika mtoni waliitua machela, wakanywa maji kwa viganja. Hapo Elisante alitambua kwamba tangu watoke barabarani hakuwa amekumbuka hata mara moja kungoja neno. Alijaribu kuitafuta ile hasira yake, mahali pake pa siku zote, kama mtu anavyopapasa jino lililomsumbua. Haikuwepo. Bega lilimuuma kwa mti wa mkaratusi, lakini mwili wake wote ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alicheka peke yake. "Nini?" kaka yake aliuliza. "Hakuna," alisema. "Tubadilishane, nishike mbele mimi."

Walifika hospitalini jua limeshaelekea kutua. Madaktari walikuwa wakipakia. Sanduku moja lilikuwa limefungwa na jingine lilikuwa wazi, na mlinzi wa lango alisema wamechelewa, warudi nyumbani. Hawakubishana naye, maana pumzi ya kubishana hawakuwa nayo. Walisimama tu na machela mabegani. Daktari mmoja, mama wa makamo, alitoka kunawa mikono akaiona. Aliwatazama wale wanaume wawili kuanzia miguu yenye tope hadi nyuso zao, akamtazama ajuza aliyekuwa akitabasamu kwa upande usio na mtu. "Mleteni ndani," alisema, na akageuka kuwaambia wenzake wafungue lile sanduku.

Togolani na Elisante walikaa sakafuni ukumbini, wameegemea ukuta mmoja. Togolani alilala, kichwa chake kikateremka kidogo kidogo hadi kwenye bega la mdogo wake, lile lililokuwa likiuma. Elisante hakulisogeza.

Asubuhi muuguzi alimfungua bandeji. Mama yao alipepesa jicho, likatoa machozi, likapepesa tena. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Walingoja aseme neno kubwa.

"Jamani," alisema. "Mbona mmezeeka hivi wote wawili?"

Walicheka mpaka muuguzi akawatoa nje, na nje waliendelea kucheka, wameshikana mikono kama watoto, watu wakipita na kuwashangaa.

Gari lilinunuliwa tairi jipya, na wa kulilipia walikuwa wawili. Tairi hilo halikuwekwa ghalani. Hufungwa pamoja na mengine kwa zamu, likatembea na kuchakaa kama yanavyochakaa, na la akiba ni lile lililotembea jana. Kashata zake zimeanza kulika. Elisante akiulizwa habari zake husema ni tairi zuri, na kwamba ni siku nyingi hajalipaka mafuta.

Basi wewe uliyemwekea ndugu yako wema wako mahali pasafi, unaupangusa na kungoja siku atakapokuja kuuomba: mara ya mwisho kuupima kama bado unaweza kubeba mtu ilikuwa lini?